Laini ya Daraja

Kila mwaka kaunti iliita wananchi sokoni wachague mradi wa kugharamiwa, na kila mwaka ilikuwa masika, mto umefurika. Safari hii Syombua alivuka mapema, maji yangali magotini, akalala kwa dadake.

Afisa alisema watu wapange laini: taa za soko huku, daraja kule. Syombua akasimama peke yake.

"Mama, laini yako ni fupi kuliko wewe!" kijana mmoja akapaza sauti. Watu wakacheka.

"Wenzako wako wapi?" afisa akauliza.

"Wako ng'ambo! Watavukia wapi? Hata binti yangu alikwama huko huko mwaka jana, uchungu umemshika. Tukamzika na mtoto tumboni."

Kicheko kikakatika. Hakuna aliyehama laini.

Afisa akaandika: daraja, mtu mmoja.