Nembo Zangu Kwenye Mashine ya Wengine

Nilichanjwa nembo usoni nikiwa msichana, hapa hapa Chilangala, siku moja na wenzangu wote wa mtaa. Fundi alipaka mkaa wa mbarika kwenye chale za kila mmoja. Hakuna aliyeambiwa wewe kaa pembeni, hizi ni za nyumba ile tu.

Nasema haya kwa sababu ya gemu. Wajukuu zangu wawili, mmoja naishi naye, binamu yake yuko Masasi, walinunuliwa gemu ileile ya kupigana. Jina moja, picha ya juu ya kasha ileile. Mashine zao za kuchezea tu ndizo tofauti. Ndani yumo mwanamke mpiganaji mwenye nembo kama zangu. Yule wa Masasi akapiga simu kumringia mwenzake:

"Bibi yuko kwangu! Kwako hayupo, tafuta mpaka uchoke!"

Wa kwangu alitafuta, hakumpata. Akalia, akaapa hasemi tena na binamu yake. Wiki mbili hakupokea simu.

Nikajua tumepunjwa. Nikafunga CD kwenye kanga, nikapanda basi mpaka Masasi, duka ilikonunuliwa.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Humu mmemtoa mtu. Mrudishe."

Mwenye duka akaiangalia. "Haina kosa, bibi. Walioitengeneza wamekubaliana na wenye mashine ile nyingine. Huyo mama yuko kule tu."

"Kwani sisi tulilipa pungufu?"

"Hapana."

"Basi mtoe kule, mlete na huku."

"Hatoki, bibi." Ndipo akaniangalia vizuri usoni, tabasamu likamwisha. "Lo! Kumbe ni wewe."

"Ni mimi. Na sijakubaliana na mtu."

Nilitoka, moja kwa moja kwa binti yangu, mama wa yule wa Masasi. Mjukuu kashika pedi ya kuchezea, mwanamke anarusha mateke kwenye runinga, nembo za shavuni wamezigeuza juu chini. Nikamwambia zima, funga nguo, na mashine beba. Shule zilikuwa zimefungwa. Mama yake akamletea begi.

Tulipofika Chilangala, wa kwangu hakumpokea mwenzake hata mzigo. Nikawaketisha mkekani, pedi mbili, mashine moja.

"Atakayesema bibi ni wake peke yake, hali kwangu."

Walicheza wamenuna. Kisha wa kwangu akamchagua yule mwanamke, akapigwa mpaka chini.

"Bibi yako hajui kupigana!"

"Si wako pia?"

Wakacheka mpaka wakaegemeana. Mimi sikucheka. Likizo ikiisha mashine inarudi Masasi, na uso wangu inaondoka nao.