Mbege ya Kornelia na Basi Linaloharibika

Wanaomcheka Kornelia waendelee kucheka, meno ni yao. Mimi ni wifi yake, Gladys, dada wa marehemu mume wake. Tumelima naye hapa Uru, mlimani juu ya Moshi, kihamba changu cha migomba na chake vikipakana, tangu nywele zetu zikiwa nyeusi. Na ninasema mbele ya yeyote: nikiambiwa leo nichague basi la kwenda Dar, nitapanda analopanda yeye. Hata nikilikuta liko juu ya jeki, nitakaa pembeni nilisubiri.

Basi lenyewe liliitwa Asante Mama. Lilikuwa linaanzia Bomang'ombe alfajiri, linapita stendi ya Moshi, halafu linaikamata njia ya Dar, na mara nyingi linaharibika kabla halijafika. Sitaficha. Liliharibika Same, likaharibika Mombo, na siku moja liliharibika likiwa bado halijatoka getini. Wapiga debe walikuwa wanalitangaza kwa dhihaka: "Asante Mama hiyooo! Panda na blanketi lako!" Stendi nzima inaangua kicheko, na Kornelia anapita katikati yao kikapu kichwani, hageuki, anapanda.

Kazi yake ni kupika mbege, pombe yetu ya ndizi. Kahawa ilipoanguka bei, wanaume wa kwetu walikaa vilabuni kulalamika, yeye akaongeza mapipa, kwa sababu mtu anayelalamika anapata kiu. Kwa mbege hiyo alimlea mwanawe wa pekee, Sylvanus, akamsomesha, akampeleka Dar akapata kazi kiwandani. Basi, miaka ile ya tisini viwanda vya umma vikaanza kuuzwa, watu wakapunguzwa kama matawi ya mbuni. Sylvanus naye akapunguzwa. Hakurudi nyumbani kulia. Akaingia kwenye mitumba, akawa anauza suruali mabegani mwake mtaa kwa mtaa, mpaka akapata kibanda.

Katikati ya taabu hiyo alikuwa na mchumba, Pamela, binti wa mzee Thadeus. Mzee huyu ni mtu wa Kibosho, lakini amekaa Dar, pale Tabata, miaka mingi. Nawajua hawa Wachagga wa Dar. Wakishaondoka mlimani ndiyo wanazidi kushika mila kuliko sisi tuliobaki. Alisema hataki kusikia habari ya kreti za bia. Posa ije na mbege ya mlimani, iliyopikwa na mama wa kijana, na ifike ikiwa inanyweka. Isipofika, hakuna mazungumzo. Nyuma ya maneno hayo sote tulijua kuna jingine: kijana aliyepunguzwa kazi hakuwa amempendeza.

Sasa mbege si soda. Maji ya ndizi unaweza kuyaandaa mapema, lakini ukishatia kimea cha ulezi, umeanzisha safari. Kesho yake ni tamu, siku inayofuata ina nguvu, ikipita hapo inachacha, na joto la Dar halina huruma. Kwa hiyo mpishi anayesafirisha mbege anapika akiwa anaiona barabara kichwani.

Mara ya kwanza barabara hiyo ilichaguliwa na kaka yangu Filemon. Ana bucha mjini, na ndiye aliyekuwa msemaji wetu wa posa. Kwa kujua mambo, hajambo! Alikataa katakata Asante Mama. "Tupande Pambazuko," alisema. "Basi jipya, lina video, lina pazia. Tangu lishuke bandarini halijaharibika hata siku moja." Kornelia akakubali, akatia kimea akitegemea kufika jioni ileile.

Tukiwa Hedaru, jua la utosi, mkanda wa injini ukakatika. Jamani, mkanda tu! Lakini basi ambalo halijawahi kuharibika halikuwa na mkanda wa akiba, wala spana, wala mtu aliyewahi kushika spana. Dereva na kondakta wake walisimamisha gari lililokuwa linapita, wakasema wanakwenda kumwita fundi. Mpaka leo wanamwita. Tulibaki na video iliyozimika, watoto wanalia, mbege inachemka ndani ya pipa kwa joto. Filemon akaenda kukaza mfuniko, akiwa kwenye suti yake ya posa. Mfuniko ukaruka, povu likamwosha kuanzia tai mpaka viatu. Nilicheka huku nikilia kwa hasira.

Tulifika kesho yake kwa lori la vitunguu. Mzee Thadeus akaonja, akaiweka kata chini polepole. "Naona njia ilikuwa ndefu," alisema, kisha akazungumzia mvua mpaka tukaaga. Kornelia aliaibika, akainama njia nzima ya kurudi. Niliumia kuliko kama ningetukanwa mimi.

Pamela alimlilia baba yake mpaka akapewa nafasi nyingine. Baba akasema hiyo ni ya mwisho. Ikishindikana, Sylvanus atafute mke kwingine.

Filemon akaja na mpango wake uleule. "Pambazuko sasa wamefunga mkanda mpya. Halitaharibika tena."

"Shemeji," Kornelia akamjibu, "gari gani duniani haliharibiki? Nitajie nilipigie magoti."

"Lakini Asante Mama linaharibika kila wiki! Unataka kutuaibisha mara ya pili?"

"Mimi siulizi linaharibika mara ngapi. Nauliza likiharibika, wenyewe wanakwenda wapi. Wewe wa kwako walikwenda wapi?"

Filemon akanuna, halafu akasema sisi wanawake tuna kichwa kigumu. Thubutu! Nilimwambia akapande video yake, sisi tutaonana naye Dar.

Mwenye Asante Mama alikuwa mzee Aminieli, Mmachame wa pande za Kwa Sadala, mzee wa kanisa la Kilutheri, pombe haigusi. Kila safari alikuwa anakaa mwenyewe nyuma ya dereva, sanduku la spana chini ya miguu. Kornelia alimfuata pale stendi, mimi nikiwa pembeni.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mama."

"Jumamosi mchana nina posa Dar, na nina pipa la mbege. Niambie ukweli. Basi lako litaharibika?"

Wapiga debe wakaanza kucheka. Mzee hakucheka. "Nikisema haliharibiki nitakuwa nakudanganya," akajibu. "Springi ya nyuma siiamini, na mpya sijapata. Ondoka na mimi Ijumaa, usiondoke Jumamosi. Likilala njiani nitalala nalo, na wewe hutabaki peke yako."

"Basi niwekee nafasi ya pipa," Kornelia akasema, na uso wake ukakunjuka. Yaani ameambiwa basi ni bovu, anafurahi! Hata mimi nilimshangaa siku ile.

Nilimwelewa Ijumaa alfajiri. Nilimkuta jikoni ndiyo kwanza anatia kimea, wakati mimi nilidhani amekitia jana.

"Wee Kornelia! Tukifika leo jioni utawanywesha uji?"

"Hatufiki leo," akasema, anakoroga. "Nimeambiwa springi haiaminiki, nami nimeipikia hiyo springi. Hata likifika leo, posa ni kesho. Shemeji aliniambia Pambazuko haliharibiki. Sasa kitu kisichoharibika unakipikiaje?"

Tukaondoka. Kabla ya Korogwe, nyuma ikalia kishindo, basi likainama upande mmoja. Mzee Aminieli akasimama akatugeukia sote. "Ndugu zangu, ni springi. Kosa ni la gari langu, si lenu. Tutaifunga kwa minyororo mpaka Korogwe, huko tutalala, fundi nimemwagiza tangu juzi. Asiyeweza kusubiri namrudishia nauli yake na kumsimamishia gari sasa hivi." Wachache walishuka, akawasimamishia kweli. Kisha akavua koti, akaingia uvunguni.

Alipotoka, uso umejaa grisi, akaenda moja kwa moja kwenye pipa letu. Alilishusha yeye na utingo wake, wakaliweka kivulini, akalifunika kwa magunia yaliyoloweshwa. Lilipoanza kunguruma akalegeza mfuniko mwenyewe, pua ameigeuzia pembeni. "Mimi na pombe hatufahamiani," akaniambia, "lakini abiria ni abiria." Nusura nimkumbatie mume wa watu.

Wakati huo Pambazuko likatupita, honi juu. Dirishani nikamwona kaka yangu Filemon anatupungia mkono, meno yote nje. Na halikuharibika siku ile, lazima niseme. Lilifika Dar mapema kabisa. Akaenda moja kwa moja Tabata kumwambia mzee Thadeus kwamba wanawake wamekwama tena na basi bovu la kufungwa minyororo, yeye hana lawama.

Kwa hiyo Jumamosi, fundi akiwa ameifunga springi usiku, tulipoingia pale kabla ya adhuhuri, tulikuta nyuso zimefungwa. Sylvanus amekaa kwenye kona na shati lake jeupe, hana raha. Pamela macho mekundu. Filemon akawa anatazama dari.

Kornelia akalisogelea pipa. Akalifungua, akachota kata, akapiga goti, akampa mzee Thadeus. Mzee akanywa kidogo. Akatulia. Akanywa tena, sasa si kidogo, akajifuta masharubu. Akawapa ndugu zake, na kata ikazunguka ikarudi tupu.

"Hii," mmoja wa wale wazee akasema, "hii ni ya nyumbani kabisa."

Nikashusha pumzi. Kumbe bado.

"Mbege ni nzuri," mzee Thadeus akasema. "Sijanywa kama hii tangu mama yangu afe. Lakini mimi siozeshi binti kwa pipa. Kijana wenu alikuwa na kazi, ikaisha. Leo ana kibanda. Kesho kibanda kikianguka? Nimpe binti yangu mtu ambaye tayari ameshaharibikiwa mara moja?"

Hapo msemaji wetu ndiye anayetakiwa kujibu. Filemon akakohoa. Akakohoa tena. Akatazama dari, labda jibu liliandikwa kule. Kwa desturi mama wa kijana hasemi kwenye baraza la posa. Kornelia akasimama.

"Baba yangu, nisamehe, nitasema. Mara ya kwanza tulipanda gari tuliloambiwa haliharibiki, na wewe ulionja tulichokileta. Safari hii nimepanda bovu, mwenyewe aliniambia ni bovu, na mbege umeinywa. Mwanangu aliharibikiwa, kweli. Ataharibikiwa tena, kwa sababu ni mtu. Sikuleta hapa kijana asiyeharibikiwa, huyo sijamzaa, na mama yeyote akikuletea huyo anakudanganya. Nimekuletea kijana ambaye akiharibikiwa hakimbii. Usiniulize mimi. Muulize binti yako."

Mzee Thadeus akamgeukia binti yake.

"Siku alipopunguzwa kazi, wewe ulijua lini?"

"Siku ileile, baba," Pamela akasema. "Alitoka kiwandani akaja kwangu kwanza, barua bado iko mkononi. Akaniambia, kazi sina, sijui itachukua muda gani, ukitaka kuondoka sitakulaumu. Nikamwambia nakaa."

Mzee akaichukua ile kata tupu. Akachota mwenyewe kutoka kwenye pipa, akampa Pamela, naye Pamela akavuka chumba akaipeleka mikononi mwa Sylvanus. Sylvanus akainywa kwa pupa mpaka ikamwagikia shati lake. Mimi nikapiga kigelegele ambacho nadhani walikisikia mpaka Ubungo.

"Ndoa itafungwa Uru," mzee Thadeus akasema watu walipotulia. "Na mimi nitakuja na hilo basi lenu la minyororo."

Filemon hakuweza kujizuia. "Lakini mzee, likiharibika njiani?"

"Nitasubiri," mzee akasema, akanyoosha kata ijazwe tena.