Hodi ya Chumba Namba Nne

Barua ilinifikia Jumanne, imekunjwa mara nne na kuletwa kwa mkono na dereva wa basi la Songea. Ilikuwa na mistari sita tu, mwandiko wa mwanamke aliyefiwa na dada yake. Dada ametangulia, iliandikwa, aliugua kifua siku chache, tumemzika Jumamosi baada ya ibada, tumeona na wewe ujue kwa kuwa ulimfahamu. Wasomaji wangu wa siku nyingi nao wanamfahamu, ingawa wenyewe hawajui. Ni yule mama niliyewachekesha naye miaka mingi iliyopita, yule aliyekuwa akibisha hodi kwenye vyumba vitupu vya hoteli. Mlicheka sana. Barua zenu za kunipongeza bado ziko kwenye droo yangu, na tangu Jumanne sijathubutu kuifungua.

Kwa aliyeikosa safu ile, nieleze. Ilikuwa miaka ya ruksa. Kila kilichokatazwa jana kilikuwa ruksa leo: Mbinga walikuwa wameanza kuonekana wanunuzi binafsi wa kahawa na magari yao, minadani mitumba ilikuwa tele, na neno mwekezaji lilikuwa bado jipya mdomoni. Mmoja wao alikodi zahanati ya zamani ya misheni kwenye ufukwe wa Nyasa, jengo la matofali mekundu lenye kuta nene na baraza pana linalotazama maji, lililosimama pale tangu kabla baba zetu hawajazaliwa. Alilipaka chokaa, akageuza wodi kuwa vyumba, na kwenye dirisha lililokuwa la kutolea dawa zikaanza kutoka bia. Mimi na mke wangu tulikwenda kukaa wiki nzima. Nimekulia Kigonsera, huko juu, na kwetu mtu aliteremka ziwani kununua samaki au kuzika. Likizo ilikuwa kwenda nyumbani kulima. Kwa hiyo nilijiona mtu mkubwa kweli kweli, nimelala chali mahali ambapo shangazi zangu walipelekwa wakiwa hoi.

Wa zamani aliyebaki pale alikuwa mama huyo peke yake. Alikuwa mhudumu wa wodi tangu ujana wake, na hoteli ilimchukua afanye usafi wa vyumba. Kila asubuhi alipita na ndoo na mashuka. Kila mlango, awe anajua mgeni yumo au anajua ameshaondoka na basi la alfajiri, alisimama, akaita hodi mara tatu, akangoja kama mtu anayengoja jibu kweli, ndipo akaingia. Mimi na mke wangu tulikuwa tukibinyana na kuziba midomo. Siku ya tatu nikamuuliza.

“Manesi walitufundisha hivyo,” alisema. “Mgonjwa akishalala kitandani, pale ni kwake. Huingii kwa mtu bila hodi.”

Nikamwambia wagonjwa hawapo tena, mama. Alikamua kitambaa chake cha deki, akakianika kwenye mdomo wa ndoo, kisha akaniambia habari ya chumba namba nne. Kilikuwa wodi ya watoto. Binti yake wa miaka saba alilazwa humo kwa surua, naye mwenyewe alikuwa zamu siku zote hizo. Kila asubuhi alibisha, na mtoto akajibu karibu mama, kwa sauti ya mwenye nyumba, huku akicheka. Ikafika asubuhi ambayo hakujibu.

“Basi huwa nasubiri kidogo,” alisema. Halafu akaniuliza kama taulo tulizopewa zinatosha.

Niliporudi Dar es Salaam niliandika safu yangu. Niliisifu hoteli, nikalisifu ziwa, nikamweka mama na hodi zake katikati kama kiungo cha mchuzi. Habari ya mtoto niliiandika, kwa sentensi moja, kisha nikaikata. Nilijiambia kwamba safu ya likizo haibebi msiba, na kwamba msomaji aliyepumzika Jumapili hana kosa hata tumuharibie chai. Mhariri alicheka mpaka akavua miwani. Wageni wakaanza kuteremka kutoka Songea na hata kutoka Dar, na meneja wa hoteli akaniandikia kunialika nikalale siku tatu bila malipo. Nikaenda mbio, peke yangu.

Nilikuta kila mlango umetundikiwa kibao kilichochongwa neno HODI. Mama hakuwepo. Meneja alinisimulia huku akicheka, akidhani nami nitacheka. Wageni walikuwa wameligeuza jambo lile kuwa mchezo wao. Mmoja, asiyejua lolote la mtoto, alijificha nyuma ya pazia la chumba alichopangiwa, namba nne, gazeti lenye safu yangu likiwa mfukoni, na mama alipobisha hodi ya tatu, akabana sauti ikawa nyembamba kama ya mtoto, akamjibu: “Karibu, mama.” Walitegemea atashtuka na kukimbia. Hakukimbia. Aliweka ndoo chini, akaingia, akatazama kitandani. Akatazama kwa muda mrefu, mpaka yule wa nyuma ya pazia akatoka mwenyewe kwa aibu. Kisha mama akapeleka funguo mapokezi na kwenda zake. Meneja hakujua ni kwa nini. Mimi nilijua. Na kitu ambacho hata mke wangu hajapata kukisikia ni kwamba nilikula samaki wao na nikalala zile siku tatu zote.

Siku ya kuondoka nilimfuata kijijini. Nilimkuta akianika usipa, dagaa wa ziwani, kwenye kichanja. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akanipa kigoda. Nilimwomba radhi kwa maneno mengi, kama mtu anayelipwa kwa idadi ya maneno. Alinisikiliza mpaka nilipomaliza.

“Ungeniuliza, mwanangu, ningekwambia andika yote au usiandike,” alisema. “Hukubisha hodi.”

Nilimwahidi kwamba nitaiandika upya, nzima. Akasema haya, akanifungia usipa nimpelekee mke wangu. Sikuandika. Wiki hii ilikuwa bei ya kahawa, wiki ile uchaguzi, na wiki nyingine zote ilikuwa woga wa kuwaambia ninyi kwamba mlichekeshwa na kilio cha mtu. Wahenga walisema majuto ni mjukuu. Wangu amekua hadi ameota ndevu.

Simo miongoni mwa wanaolaani kila kilichobadilika. Jengo lile lilikuwa linaliwa na popo, na afadhali paa lenye wageni kuliko paa lililoanguka. Lakini miaka ile tulizoea kuwa ruksa inatosha. Ruksa hutolewa na wakubwa, kwa barua na mhuri. Karibu hutolewa na mwenye nyumba. Tuliulizana nani ana mkataba wa jengo, nani atalipaka rangi, na hakuna aliyeuliza ni nani bado ana mtu wake humo ndani. Na sisi wenye kalamu tuliwatangulia wote kuingia na viatu.

Nililojifunza ni dogo, na mama yule alilijua bila kufika chuo chochote: maisha ya mtu ni chumba chake, hata kama mlango uko wazi na wewe umelipia kitanda. Unabisha, unangoja, na usipoitikiwa unarudi ulikotoka. Mimi niliingia, nikachukua kilichonifurahisha, nikaacha kilichokuwa chake. Sentensi niliyoikata ni hii: mtoto wake alifia chumba namba nne, na hodi zile zote zilikuwa za mtoto huyo.

Sasa imeandikwa, na mwenye kunikaribisha hayupo. Hodi, mama. Nasubiri kidogo.