Pikapu Tupu Haisawazishwi

Siku yangu ya kwanza kazini sikushika spana, nilishika koleo. Fundi Mkuu wa gereji ile ya Voi, Mkamba mfupi mwenye sauti ya kukwaruza, alinionyesha rundo la mchanga na magunia matupu akasema, "Jaza kumi na sita. Ukimaliza, pakia kwa ile pikapu." Nilidhani ananitania. Mimi, mtoto wa Kaloleni, nilikuwa nimevaa ovaroli mpya aliyonishonea mama, nimekuja kujifunza umakanika, si upagazi. Nilijaza hivyo hivyo huku nikinung'unika.

Pikapu ile ilikuwa imeletwa isawazishwe pua. Pikapu ya kazi nzito, ikiwa haina kitu, huinama mbele kidogo, kwa sababu springi za nyuma zimewekwa juu zikingoja mzigo. Wenye magari wengi hawaupendi mkao huo, wanasema gari inanusa barabara. Basi fundi huinua mbele. Hutia pakini, yaani pete nene za chuma au raba ngumu, juu ya springi mbili za mbele, mpaka gari ikae sawa. Kwa macho, kazi ni hiyo tu, na vijana wa siku hizi huimaliza asubuhi moja wakiangalia video kwenye simu.

"Tupu inakudanganya," Fundi Mkuu alituambia. "Pikapu tupu haisawazishwi. Mpe mzigo wake kwanza, ndiyo utajua anasimama namna gani."

Ndiyo maana ya magunia. Tulipakia uzito ule ule ambao mwenye gari hubeba, tukapima kila gurudumu kwa kamba yenye mafundo, kutoka katikati ya ringi hadi ukingo wa bodi, kisha ndipo tukaamua unene wa pakini. Baada ya hapo Fundi Mkuu mwenyewe aliiendesha na mzigo wake mpaka nje ya mji, akakata kona, akaachia usukani. Usukani mzima hurudi wenyewe magurudumu yakanyooka. Ukikaa ulipoachwa, gari haikutoka gerejini.

Tazama uma wa mbele wa baiskeli. Haukusimama wima, umelala kidogo, na kulala huko ndiko kunakomwezesha mtoto kuachia mikono na baiskeli ikaenda moja kwa moja. Gari nayo ina mlalo wake, sisi tunauita kasta. Ukiinua mbele kwa pakini, ekseli inazunguka kidogo na mlalo unapungua, na lazima uurudishe kwa bushi maalumu, yaani raba zinazoshikilia ekseli. Usipourudisha, usukani unakuwa mwepesi, na ukipakia mzigo nyuma ndiyo mbele inaelea kabisa. Haya yote niliyajua kabla sijaota ndevu. Nayasema mapema ili asije mtu akanitetea kwamba sikujua.

Miaka sita baadaye nilihamia karakana ya shamba moja la mkonge upande wa Taveta. Huko Mkuu wa Karakana alikuwa mtu wa karatasi. Kila gari iliyoharibika iliandikiwa ripoti na fundi akatia sahihi. Siku moja niliandika kwamba breki za trekta ni nzuri bila kuinama chini yake, nikamkuta amesimama nyuma yangu.

"Athumani, umeziona hizo breki?"

"Nazijua, mzee. Nilizifunga mwenyewe."

"Sikukuuliza nani alizifunga." Akaichana karatasi mbele yangu. "Ripoti ni kiapo. Mtu ambaye hakuwepo ataishi na hayo maneno yako."

Niliona haya, nikaenda kulala chini ya trekta nikapima. Mabwana wawili, mafunzo mawili, na wote wawili nilikuja kuwaangusha kwa gari moja.

Nilirudi Voi nikafungua gereji yangu mwenyewe. Kazi ya pua ilishika. Pikapu zilikuja kutoka Mwatate, kutoka Mata zikiwa na harufu ya nyanya, na watu wakaanza kuniita Fundi wa Pua. Wallahi nililipenda jina lile. Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji, nami nilitia, kidogo kidogo. Kwanza niliacha kamba ya mafundo nikapima kwa programu ya simu, unaiweka juu ya bodi inakuonyesha mstari. Halafu nikaona magunia yanachukua nafasi bure. Nikampa jirani akajengee banda la kuku.

Kikundi kimoja cha wakulima wa upande wa Kasigau kiliniletea pikapu yao mpya. Dereva wao alikuwa Mwadime, Mtaita wa Makwasinyi, mtu mpole asiyependa makuu. Mwenyekiti alitaka gari isimame vizuri siku ya kuizindua, na siku yenyewe ilikuwa kesho yake. Nikatia pakini, simu ikaonyesha mstari uliolala sawasawa, nikaizungusha uani mara mbili ikiwa tupu. Bushi za kasta sikuweka. Wakaja, wakapiga picha, wakanishika mkono.

Wiki iliyofuata Mwadime alirudi peke yake. Gereji ilikuwa imejaa watu.

"Fundi, hii stelingi imekuwa nyepesi," akasema. "Nikipakia ndengu, nikikata kona, hairudi. Inataka kuzurura."

Alikuwa amenieleza ugonjwa wote, kama daktari. Ningemwambia tu, "Acha gari, tupakie, tujaribu." Lakini kulikuwa na wateja wawili wageni wamekaa pale, na mimi ndiye Fundi wa Pua.

"Bwana Mwadime," nikamwambia kwa sauti wote wasikie, "gari imeinua kichwa, wewe bado unaendesha kama umefungiwa punda. Zoea!"

Watu wakaangua kicheko. Mwadime naye akacheka kidogo, akatazama chini, akaondoka.

Siku chache baadaye, saa mbili za asubuhi, alikuwa akitoka Makwasinyi na magunia ya ndengu nyuma, na mkewe, Mama Wakesho, ubavuni kwake akienda kliniki. Kwenye kona moja ya mchanga gari ilitoka njiani ikapinduka. Mwadime aligonga kichwa, na alipozinduka hakukumbuka chochote cha asubuhi ile. Mama Wakesho, aliyekuwa amepitiwa na usingizi hata asione kitu, alivunjika nyonga.

Gari ililetwa kwangu. Katibu wa kikundi alinijia na karatasi. "Fundi, tuandikie ripoti. Wengine wanasema stelingi, wengine wanasema dereva. Wewe ndiye mtaalamu."

Lahaula! Aliyeiharibu anaulizwa nani aliyeharibu. Katibu alinipa nafasi ya kusema kweli, alisimama tu akingoja, na kalamu nilikuwa nayo mkononi. Niliandika: "Usukani, springi na breki ni sawa. Dereva aliamka alfajiri kupakia, inaelekea alisinzia." Nikatia sahihi. Ripoti ikasomwa kwenye mkutano wa kikundi, na Mwadime akaachishwa kazi.

Kisha nikaitengeneza ile gari. Nikatoa pakini zile nene nikaweka nyembamba, nikatia na bushi za kasta, nikaazima magunia, nikapakia, nikaenda nayo nje ya mji, nikaachia usukani. Ukarudi. Mkono ulikiri, mdomo ukakataa. Nimeona aibu nyingi maishani, lakini ile ya kuona usukani ule unarudi sijapata nyingine mfano wake.

Husemwa njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa na miaka tisa, na ningeweza kufa nikiwa bado ninaitembea. Nilistaafu mwaka jana, magoti yamechoka. Nikafanyiwa sherehe, nikapewa shuka na saa ya ukutani, mtu akasimama akasema mimi ni fundi ambaye gari yake haijawahi kurudi. Nilikula wali wao nikanyamaza.

Mwezi uliofuata, sokoni Voi, mama mmoja mwenye fimbo alinisimamisha. Alikuwa Mama Wakesho.

"Shikamoo, Fundi. Mzee wangu anakutaja sana."

"Marahaba, mama. Ananitaja?"

"Husema ulimsaidia kuujua ukweli. Yeye hakukumbuka kitu. Bila wewe angeendelea kushika gari, siku moja angeua watu. Tangu siku ile hajagusa usukani."

Akanishukuru. Amesimama kwa fimbo niliyompa mimi, ananishukuru. Nilishindwa kumtazama machoni, nikajifanya ninachagua vitunguu.

Usiniulize usingizi wa wiki ile. Jumatatu nilikwenda Makwasinyi. Mwadime nilimkuta nje ya nyumba yake akipura ndengu, kazeeka kuliko mimi ingawa namzidi umri. Akaniletea kiti, akataka kunitilia chai, nikamwomba asitie chochote mpaka nimalize. Nikamwambia yote: simu, magunia, bushi, kicheko, karatasi.

Akakilaza kijiti cha kupuria mapajani.

"Sikulala?" akauliza.

"Hukulala."

"Fundi, niambie vizuri. Sikulala?"

"Hukulala, Mwadime. Uliniambia stelingi hairudi, na kweli ilikuwa hairudi."

Akamwita mkewe. "Mama Wakesho! Njoo usikie. Sema tena, Fundi." Nikasema tena mbele yake. Yule mama alinitazama, akatazama ile fimbo, akageuka akaingia ndani.

"Miaka tisa," Mwadime akasema, "kila nikimwona akishindwa kupanda shambani kule mlimani, naomba Mungu anisamehe. Kila siku, Fundi. Kwa kosa lako."

Nikamwomba radhi. Nilianza kulia, mzee mzima, naye hakunizuia wala hakunibembeleza. Mwisho akasema, "Radhi tutaongea siku ingine. Ile karatasi ilisomwa watu wakasikia. Andika ingine, nayo isomwe."

Chai sikupewa, na sikustahili.

Basi nyinyi vijana mnaoinua pua za magari, mlidhani nimeandika haya niwafundishe kazi. Fundishaneni wenyewe kwa wenyewe, mna akili kuliko sisi. Pakieni mzigo, pimeni, achieni usukani. Na dereva akirudi kusema gari inazurura, hata kama gereji imejaa watu, funga mdomo uingie chini ya gari. Mimi nilikuja kutimiza agizo la mtu mmoja. Hii hapa.

Ripoti. Pikapu ya kikundi iliyopinduka ikitoka Makwasinyi ilisawazishwa ikiwa tupu, haikujaribiwa na mzigo. Usukani wake ulikuwa haurudi. Dereva, Bwana Mwadime, alilisema hilo mbele ya watu akachekwa. Ripoti ya kwanza ilikuwa ya uwongo, na aliyeiandika alijua. Dereva hakusinzia.

Nimetia sahihi mimi, Athumani, fundi, Kaloleni.