Bia Iliyofunguliwa Kabla Hatujakaa

Wazo la kupanda meli lilikuwa langu, na lawama yake naibeba mwenyewe. Kampuni ilikuwa mpya. Mwezi mmoja kabla ya hapo sikuwa nimewahi kuisikia. Tangazo lao lilibandikwa kwenye ukuta wa duka la dawa jirani na karakana yangu: matembezi ya saa tatu ziwani, chakula na kinywaji kimoja kwa kila mtu, kuondoka saa nane kamili mchana, kurudi saa kumi na moja. Nililisoma mara mbili, nikaona ndani yake jambo ambalo walioliandika hawakulikusudia. Kwa saa tatu nzima, hakuna mtu ambaye angeweza kushuka.

Mtu niliyetaka asishuke ni kaka yangu mkubwa.

Binti yangu alikuwa anaposwa. Baada ya majuma matatu familia ya kijana ingekuja kwetu Gihosha na vinywaji vyao, na desturi yetu inataka mkubwa wa upande wa baba awapokee na kumsemea msichana. Baba mzazi hasemi siku ile. Anakaa na kusikiliza. Baba yetu alikwisha kufa, baba zetu wadogo pia, na sina kaka mwingine. Siku hizi wapo watu wanaokodishwa kwa kazi hiyo, wenye sauti nzuri na vichekesho vya kutosha. Binti yangu alikataa. Aliniambia jikoni, akiwa amenipa mgongo: "Papa, kama Papa mukubwa haiko, tuache. Siwezi kusemewa na mutu wa kukodisha kama viti."

Alikuwa na haki. Lakini kaka yangu hakuwa amekunywa kitu mkononi mwangu kwa miaka kumi na moja.

Sababu ni ndogo, na ni kosa langu, ingawa nilichukua muda mrefu kulitambua. Siku ya kuondoa msiba wa baba, kaka alisimama mbele ya watu akataja ukoo wetu, baba kwa baba, mpaka mahali tulipotokea. Aliruka babu mmoja. Mimi nilikuwa na daftari langu mfukoni, kwa sababu mambo hayo nilikuwa nimeyaandika miaka mingi kwa kuwauliza wazee. Nilisimama nikamsahihisha. Sikupaza sauti. Nilisoma jina lililosahauliwa, nikakaa. Watu walicheka, wala si sana. Kaka aliweka chini chupa niliyompa, akasema mtu anayeweza kumvua nguo mchana kweupe anaweza kumtilia kitu ndani ya bia. Tangu siku ile hakanyagi Gihosha, nami siendi kwake Mutakura.

Ziwa si la mtu. Hivyo ndivyo nilivyofikiri.

Kazi yangu ni kutengeneza mizani, ya sokoni na ya maghala, na niliisomea mwenyewe katika vitabu. Nimezoea kuandika kila hatua kabla ya kugusa skrubu ya kwanza. Kwa hiyo niliiandikia kampuni karatasi: meza ya watu watatu, upande wa kivuli, mbali na spika za muziki, kwa mzee wetu bia moja kubwa, baridi, iwe tayari mezani kabla hatujakaa. Niliweka mstari chini ya maneno hayo ya mwisho. Sikutaka kaka akae akisubiri kinywaji huku tukitazamana.

Mke wangu ndiye aliyempelekea mwaliko. Wao wawili hawajawahi kugombana. Kaka alikubali, nadhani kwa sababu alihesabu mizigo bandarini miaka thelathini, akapakia na kupakua meli za nchi zote za ziwa hili, na hakuna hata siku moja aliyoingia melini kama msafiri.

Alitukuta tayari tuko gatini, amevaa koti la kanisani. Alimsalimu mke wangu kwa mikono miwili. Mimi alinipa vidole.

"Profesa," alisema. "Na leo utanisahihisha nini? Maji?"

"Karibu, Mukubwa."

"Ninakaribia kwako? Meli ni yako?"

Saa nane ilipita. Saa nane u nusu ilipita. Kijana mwenye kipaza sauti alitwambia, kwa Kifaransa cha redioni, kwamba tulikuwa tunakaribia kuishi ndoto. Kaka alizunguka sitaha mikono mgongoni, kama mkaguzi. Aliporudi alisema majaketi ya kuokolea yako ndani ya kizimba cha chuma na kizimba kina kufuli. Alimuuliza mwenye kipaza sauti ufunguo uko wapi. Yule kijana alicheka, akasema, "Mzee, leo apana kuzama." Kaka hakucheka. Mimi pia sikucheka, na kwa dakika moja tulikuwa upande mmoja. Tuling'oa nanga saa tisa kasoro dakika tano.

Ndipo tukaongozwa kwenye meza yetu.

Kampuni ilikuwa imefanya kila neno nililoandika. Kivuli kilikuwepo, spika zilikuwa mbali, na mahali pa kaka palikuwa na glasi ndefu juu ya kitambaa cheupe kilichokunjwa kama ua. Bia ilikuwa imekwisha kumiminwa ndani yake. Kando yake ilisimama chupa, nusu yake imebaki, bila kizibo. Hata kizibo chenyewe hakikuwepo mezani.

Mtu wa nchi nyingine ataona hapo ukarimu. Kwetu, chupa hufunguliwa mbele ya macho ya anayekunywa, hata katika baa ya mabati, hata kama mhudumu ni binti yako. Nami, niliyeonywa miaka kumi na moja iliyopita kwamba mkono wangu unaogopwa, nilikuwa nimeagiza kwa maandishi, tena kwa kupiga mstari, bia iliyokwisha kufunguliwa.

Kaka alibaki amesimama.

"Nani amefungua hii?"

"Ni wao," nilisema. "Mimi niliomba tu iwe tayari."

"We ndiye umeomba."

"Iwe tayari. Si ifunguliwe."

"Shemeji," alimgeukia mke wangu, "umesikia? Bwana wako aliandika. Yeye anaandika kila kitu."

Nilimwita mhudumu, msichana mwenye skafu shingoni, nikaomba chupa nyingine iliyofungwa, ifunguliwe hapa. Alitabasamu namna walivyomfundisha. Alisema haiwezekani: vinywaji vyote hufunguliwa chini, jikoni, kabla ya safari, kwa sababu ya mawimbi. Ndiyo protokole yao.

"Zote?" niliuliza.

"Zote, Papa. Hata Fanta."

Nilisimama nikatazama meza nyingine. Ilikuwa kweli. Kwenye kila meza chupa zilisimama wazi, na kwenye kila meza watu walikuwa wamekaa na kiu, hawanywi, wakitazama sambusa. Mwanamume mmoja alikuwa ananusa Fanta ya mtoto wake. Walioianzisha kampuni hiyo walijifunza kazi katika hoteli za mbali, na hakuna aliyekuwa amewaambia desturi yetu. Nilitaka kuwachukia wao, na niliwachukia, lakini haikunisaidia.

"Turudi," kaka alimwambia mhudumu.

"Mzee, tutarudi saa kumi na moja."

"Nimetegwa," alisema kaka, akakaa.

Nyumba za Kibenga zilipita upande wa kushoto, bustani zao zikiteremka mpaka majini. Mke wangu alijaribu kusema juu ya bei ya ndagala, dagaa wa ziwa letu. Kaka alijibu kwa neno moja moja. Glasi ilikaa katikati yetu, povu lake likishuka.

Kisha akaisogeza mbele yangu kwa kidole kimoja.

"Anayetoa anaonja kwanza," alisema. "Hiyo iko mu daftari yako, ao uliiruka?"

Alijua anachoomba. Mimi sinywi. Niliacha pombe mwaka ambao binti yetu alizaliwa, baada ya kuharibu mizani ya mteja kwa mikono inayotetemeka na kurudi nyumbani kumpigia kelele mwanamke mwenye mimba. Nilimuahidi mke wangu, naye hakuniomba kuahidi. Sijaonja hata divai ya kanisani tangu hapo.

Mke wangu alinyoosha mkono. "Lete, mi nitaonja."

"Si we," kaka alisema bila kumtazama. "Bia ni ya nani?"

"Shemeji, unajua hakunywaka."

"Ninajua. Na mi, miaka kumi na moja sikunywa kwake. Basi tuko wawili wasiokunywa. Aonje, ao aniache nikae hivi mpaka saa kumi na moja, na siku ya mutoto atafute mukubwa sokoni."

Watu wa meza ya jirani walikuwa wameacha kuzungumza. Nilianza kueleza. Nilisema jikoni hakuna anayemjua yeye, kwamba mimi sikushuka chini hata mara moja, kwamba mke wangu ni shahidi, kwamba mtu mwenye nia mbaya asingeacha maandishi. Kila sentensi ilikuwa sahihi, na kila moja ilinifanya nionekane kama mwizi anayejitetea. Nilisikia hilo mwenyewe, nikaacha.

Nilimtazama mke wangu. Sikuwa naomba ruhusa. Nilitaka tu aone kwamba najua ninachofanya. Alitazama majini.

Nilinyanyua glasi nikanywa. Niliamua nisionje kwa ncha ya ulimi kama mtoto anayepewa dawa, maana angesema nimedanganya. Nilimeza mara moja, kinywa kizima. Ilikuwa vuguvugu na chungu, na mwili wangu ukaitambua upesi kuliko nilivyotaka. Nikaiweka mbele yake.

Kaka aliichukua. Aliinyanyua mpaka usawa wa macho, akageuka, akaimwaga yote ziwani. Akaifuatisha na ile iliyobaki ndani ya chupa.

"Nilitaka kuona tu," alisema.

Nimekuwa mtu mtulivu maisha yangu yote, lakini pale nilisimama, na sijui mkono wangu ungefanya nini. Mke wangu aliushika. Alikuwa na hasira kuliko mimi.

"Kaeni chini," alisema. "Wote wawili. We, shemeji, umemunywesha, ukamwaga. Umeshiba? Na we, na karatasi yako! Mutoto iko nyumbani inangojea simu, na nyinyi munacheza na glasi."

Meza ya jirani mtu alikohoa. Kaka alifuta vidole vyake kwa lile ua la kitambaa, kimoja kimoja.

"Ameonja mbele ya watu," alisema hatimaye, akimwambia mke wangu. "Nimemaliza. Nitakuja. Lakini siku ile chupa zote nitafungua mi mwenyewe, za kwao na za kwenu. Na huyu atakaa nyuma, atafunga mudomo. Hata nikiruka babu watatu."

"Atafunga," alisema mke wangu.

"Aseme yeye."

"Nitafunga," nilisema.

"Na daftari ibaki chumbani."

"Itabaki."

Baada ya hapo hakusema tena nami. Alikwenda kusimama mbele ya meli, akashika ukingo, akaitazama milima ya Congo muda wote uliobaki. Mwenye kipaza sauti alitutangazia viboko ambao hatukuwaona. Chakula kililetwa, samaki wa mukeke alikuwa bado mbichi kwenye uti. Tulirudi gatini saa kumi na mbili kasoro robo, na kaka alishuka wa kwanza, akampungia mke wangu, akapanda pikipiki ya kwenda Mutakura.

Nilimpigia binti yangu simu pale pale, juu ya mawe ya gati, kabla hatujatafuta gari.

"Amekubali?"

"Atakuja. Atakusemea."

Nilisikia akishusha pumzi, kisha akipiga kelele kumwambia mtu aliyekuwa naye. Halafu akarudi kwenye simu.

"Kwa hiyo mumepatana?"

"Apana," nilisema.

"Papa, lakini atakuja kweli?"

"Kweli. Hatukupatana, lakini atakuja."

"Basi aksanti," alisema, kwa sauti ndogo, kama mtu aliyepewa kitu kilicho kizito kuliko alivyodhani. Nilimpa mke wangu simu ili aendelee naye. Mimi nilikwenda kando, nikasukutua kinywa kwa maji ya chupa. Muuzaji alitaka kunifungulia. Nilimkataza, nikaifungua mwenyewe.