Hajra avuka mkondo uliomchukua wifi yake

Saa tatu asubuhi guta la Mikdad limekwisha kupita msikiti, linakata kona ya zahanati. Limebeba sufuria zilizofungwa kwenye shuka, kabati lisilo na mlango na godoro. Juu ya godoro wameketi watoto wawili, wanaangalia walikotoka. Linawapeleka mjini Bagamoyo, na kutoka huko watapanda gari la Chalinze. Safari hii haina kurudi.

Hajra, dada yake Mikdad, hakwenda kuwasindikiza. Yuko baharini, maji magotini, kiroba kitupu kimekunjwa kichwani. Maji yamekupwa, na maji hayamngoji mtu.

"Tuliagana jana," anasema bila kugeuka nyuma. "Kuagana mara mbili ni kutafuta kilio."

Hajra ana miaka hamsini na mmoja. Ni mkulima wa mwani hapa Mwambakuni, kijiji cha nusu saa kwa bodaboda kutoka Dunda, mjini Bagamoyo. Kijiji kina msikiti mmoja, shule moja na zahanati moja. Minazi iko, ila mingi imebaki shina tupu. Wanaume huvua dagaa, na siku hizi dagaa wenyewe wamekuwa wa kubahatisha. Nyumba nyingi chakula chake kinatoka kwenye kiroba cha mwanamke.

Leo anakwenda kwenye shamba lake lililo ng'ambo ya mkondo. Ni mara ya kwanza tangu mkondo huo umchukue wifi yake, Adila, mke wa Mikdad, mama wa watoto wale walio juu ya godoro. Arobaini imesomwa wiki iliyopita.

Asipovuka leo, shamba si lake tena. Kikundi cha wakulima wa mwani kina sheria yake: shamba lisiloguswa na mwenyewe kwa bamvua tatu hupewa mwingine. Bamvua ndiyo siku za maji makubwa, bahari inapojaa sana na kukupwa sana, na nje ya siku hizo huwezi kufika kule kwa miguu. Mbili zimepita Hajra akiwa msibani. Hii ni ya tatu.

"Sheria tuliitunga wenyewe," anasema. "Na mimi ndiye niliyepiga kelele kuliko wote ipite."

Zamani hapakuwa na haja ya kuvuka. Mwani ulilimwa hapa hapa karibu, maji ya magoti, mtu anafunga mbegu huku anasikia mtoto wake akilia nyumbani. Kisha maji ya karibu yakaanza kuwa ya moto. Mwani ukawa unageuka mweupe, unalegea, unakatika na kwenda na mawimbi. Aina inayostahimili ni ile ya bei ndogo, kilo kavu haifiki hata shilingi elfu moja. Ile ya kotonii, yenye bei karibu mara mbili, ikabaki kuota kule tu kwenye maji ya baridi, ng'ambo ya mkondo.

Basi wakahamisha mambo, vile vijiti vya kufungia kamba, na kamba zao, wakahamia huko. Wanawake ishirini na kitu, na hakuna hata mmoja aliyejua kuogelea.

Msomaji wa mbali atashangaa. Watu wa pwani, vizazi na vizazi, hawajui kuogelea? Wanaume wanajua. Msichana akionekana anapiga mbizi, mama yake aliitwa na kuulizwa anamlea vipi. Bahari ya mwanamke iliishia magotini, na hakuna aliyeona tatizo mpaka chakula kilipohama.

Njia ya kurudi waliigundua wenyewe. Kiroba kikijaa mwani mbichi, nchi kavu hakibebeki, lakini majini ni chepesi. Mwanamke alikifunga kamba, ncha ya kamba akajifunga kiunoni, akaburuta. Na kwa kuwa mikono yao imezoea fundo moja, walijifunga fundo hilo hilo la kufungia mbegu. Fundo hilo sifa yake ni kwamba wimbi likilivuta, linakaza. Likilowa, linakaza zaidi. Halifunguliwi. Hukatwa kwa kisu.

Adila hakuzaliwa pwani. Alitoka Miono, kwa wakulima wa mahindi na ufuta, akaolewa huku akiwa hajawahi kuonja maji ya chumvi. Aliyemfundisha kufunga mwani ni Hajra.

"Alikuwa mwepesi," anasema Hajra. "Wiki moja tu, fundo lake likawa zuri kuliko langu."

Siku ile Adila alibaki nyuma amalizie kamba ya mwisho. Maji yakaanza kujaa. Wenzake walikwisha kuvuka, wako kwenye fungu la mchanga, wanapumzika na kutaniana. Walipogeuka waliona kiroba chake kinaelea kuja.

"Tuliona kiroba kinakuja, tukasema anakuja," anasema Yasmini, jirani wa Hajra shambani. "Mtu akivuka, kichwa chake hukioni, kinafichwa na kiroba. Tukaendelea na porojo zetu. Mimi ndiye niliyekuwa nachekesha."

Kiroba kilikuwa kimeshikwa na mkondo, kinamvuta Adila ubavu ubavu kuelekea kilindini. Kisu kilikuwa ndani ya kiroba. Ndimo wote walimokuwa wakikitia, kazi ikiisha.

Wavuvi walimpata jioni. Fundo lilikuwa bado limefungwa.

Mikdad hakulaumu mtu kwa mdomo. Alikaa na dada yake barazani usiku wa arobaini, akamwambia, "Dada, bahari imeshakula mmoja kwetu. Twende wote Chalinze. Kule kuna barabara, mabasi hayakatiki, mtu hakosi cha kuuza."

"Nitauza nini mimi?"

"Machungwa. Maji. Chochote."

"Mikdad, mimi barabara siijui. Itanigonga siku ya kwanza."

"Na hiyo bahari unaijua?"

Kesho yake Hajra alikwenda shuleni.

Alimfuata Mwalimu Sophia. Huyu ni mwalimu wa shule ya msingi, mzaliwa wa Ukerewe, kisiwani, ambako anasema waliogelea kabla ya kujua kusoma. Hajra alimwomba awafundishe wanawake. Waliuliza msikitini kwanza, wakajibiwa kwamba mwanamke kumfundisha mwanamke, tena na nguo zao, hakuna ubaya. Walijitokeza saba.

Kwa hiyo jioni, ufuo wa Mwambakuni una kituko chake. Wanawake watu wazima, madira yamewavimba kama mahema, wanalazwa chali majini na mwanamke wa bara.

"Acha shingo, Bi Yasmini. Lala kama uko kitandani."

"Kitandani kwangu hakuna mawimbi, Mwalimu. Mume wangu mzee."

"Haya, funga mdomo basi, maji yataingia."

"Haya maji ya chumvi lakini, si yale yenu ya ziwani."

"Chumvi inabeba mtu. Kwetu ungeshazama toka jana."

Vijana wa ufukweni nao hawakukosa neno. Mmoja alimpigia Hajra kelele, "Shangazi, ukielea hivyo kama boya, ngalawa itakuja kujifunga kwako!" Hajra alimjibu kwamba boya halisemi na kamba. Alicheka, akameza maji, akatapika.

Masomo hayo yamekuwa ya jioni chache tu. Leo ndiyo mtihani.

Kwenda si kazi. Maji yako kifuani, Hajra anavuka akisoma Fatiha kimoyomoyo. Shamba analikuta nusu limekatika, nusu limenenepa. Kwa saa moja na zaidi anavuna ameinama, kiroba kinajaa. Shamba la Adila liko pembeni yake. Mambo yamesimama, kamba zimelegea, hakuna aliyeligusa. Hajra analigeuzia mgongo.

Yasmini anamwita, "Bi Hajra, maji yanageuka!"

Wanaondoka pamoja. Tangu msiba, hakuna anayejifunga tena kiunoni. Wanashika kamba mkononi, na wengine wananung'unika kwamba mkono unachoka. Katikati ya mkondo maji yanamfika Hajra kidevuni. Kiroba kinashikwa, kinageuka ubavu, kinamvuta. Hatua moja haikuti mchanga. Ya pili pia.

"Achia!" Yasmini anapiga kelele. "Achia, mama wee!"

Ndani ya kiroba kile mna mavuno yote ya bamvua. Hajra amekishika. Kichwa kinazama, kinaibuka. Kinazama tena.

Anapoibuka, mikono yote miwili iko wazi. Amelala chali, dira limevimba, macho ameyafumba, na maji yanayojaa yanamsukuma polepole mpaka visigino vinaburuta kwenye fungu.

Yasmini anamvuta kwapani. Kiroba kinakwenda zake.

"Umekiacha," anasema Yasmini.

"Nimekiacha."

Wanakaa mchangani. Ni saa saba mchana, jua kali.

Baadaye, akiwa amejifunga kanga kavu, anaeleza anachokitaka. Si kikubwa. Kikundi kinunue mtumbwi, hata mkuukuu, wa kubebea viroba, ili mtu avuke na mwili wake tu. Mfanyabiashara Nitin wa Dunda, anayenunua mwani wao, amesema atachangia nusu. "Amesema," anarudia Hajra. "Nangoja afanye."

Hayo yalikuwa ya mwezi Novemba.

Mikdad anauza machungwa na maji ya chupa kwenye kituo cha mabasi Chalinze. Mtoto wake mkubwa ameanza shule huko. Mdogo hajaanza, yuko naye kituoni.

Mwalimu Sophia alihamishwa mwezi Januari, na masomo yakakoma. Kati ya wale saba, wanaoweza kuelea ni wawili.

Nitin alipunguza bei ya kotonii, na habari ya mtumbwi haizungumzwi. Yasmini ameacha ng'ambo, amerudi kulima maji ya magoti, anapata kidogo.

Shamba la Adila alipewa msichana aliyeolewa kijijini baada ya mfungo.

Hajra shamba lake analo. Anavuka kila bamvua. Kuelea anaweza, kiasi cha kumaliza Fatiha mara mbili. Kuogelea, bado.