Maboksi ya Asanomiksi

Bi Hisae Tokiwa ametengeneza maandazi ya mvuke yenye maharagwe matamu hapa Tokyo miaka arobaini. Kila akichaguliwa waziri mkuu, boksi la maandazi lenye kikatuni chake huwa tayari kabla kiti hakijapata joto.

Asakura alipochaguliwa, magazeti yalilipachika jina lake mkia ule ule wa "-nomiksi" waliopachikwa watangulizi wake, na sera yake ya uchumi ikaitwa Asanomiksi. Sera yenyewe haikuwepo. Bi Hisae hakujali. Nyuma ya boksi panahitaji maelezo, basi akachapa ya kwake: "Mishahara ipande kwanza, bei zisubiri."

Alhamisi katibu wa waziri mkuu alikuja, akainama kwa heshima zote, kisha akatishia.

"Mama, futa maneno haya, la sivyo duka la bunge halichukui tena maandazi yako."

Duka lile ndilo lililomlisha.

"Sawa, mwanangu. Niambie Asanomiksi ni nini, nichape upya."

Katibu akapiga simu. Akala andazi, akapiga nyingine.

"Bado wanajadiliana."

"Basi wasomee yangu wakijadiliana."

Akawasomea. Kisha akafunika simu kwa kiganja.

"Wanauliza, bei zitasubiri mpaka lini?"

"Mpaka uchaguzi ujao. Kwani nyie huwa mnasemaje?"

Ijumaa waziri mkuu aliwatangazia wanahabari sera yake, neno kwa neno, na duka la bunge likaagiza maboksi mia sita.